Mchanga mlangoni Kipawa

Mvua kubwa ikikatika Kipawa, machepe ndiyo husikika kwanza. Lami ya Barabara ya Nyerere bado inachuruzika, lakini kwenye vichochoro vya Karakata watu wamekwishakunja suruali na kufunga khanga juu, wanakomba mchanga vizingitini. Mwenye genge anainua meza yake anakuta miguu imezama. Mtoto anafukua kandambili iliyofukiwa usiku. Mchanga unaokombwa hurundikwa kando ya mtaro, kwa kuwa hakuna pengine pa kuuweka, na mvua inayofuata huusukuma ukarudi mtaroni.

Mchanga huo una kwao. Ukiuchota kiganjani unaona wekundu wa vilima, vipande vya tofali, kokoto za barabarani na vijizizi vya majani. Sehemu yake ilikuwa kiwanja kilichokwanguliwa majani wiki chache nyuma ili ujenzi uanze. Sehemu ilikuwa barabara ya mtaa isiyo na mitaro. Sehemu ilikuwa ukingo wa mto uliochimbwa na wauza mchanga. Usiku mmoja wa mvua umeikusanya yote na kuileta mlangoni kwa mtu ambaye hakukata mti wala hakuchimba shimo.

Dar es Salaam imezoea kuzungumzia mafuriko kwa hesabu za maji. Desemba 20, 2011 zilipimwa milimita 156.4 za mvua kwa siku moja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikasema mvua ya namna hiyo haikuwa imenyesha tangu Uhuru. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na waliotolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Mafuriko ya Aprili 2018, kwa tathmini ya Benki ya Dunia, yaligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Milimita zimeandikwa, nyumba zimeandikwa, marehemu wameandikwa. Tani za udongo zilizoshuka na maji hayo hazitajwi.

Udongo huo ndio unaoamua maji yapite wapi. Kalavati lililojaa mchanga hadi katikati halipitishi tena maji ambayo mhandisi alilijengea, na ramani ya mafuriko inayodhani makalavati yote ni matupu inampa mkazi wa Kipawa usalama asiokuwa nao. Kwa hiyo tathmini ya hatari ya mvua kubwa katika jiji hili inapaswa kuanza na udongo: unalegezwa wapi, unapita njia gani, unatua wapi, na nani analala pale unapotua.

Kutoka Pugu hadi Jangwani

Kata ya Kipawa iko ubavuni mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Kaskazini mwake ardhi inateremkia bonde la Mto Msimbazi. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukasafiri kilometa 35 hivi kupitia maeneo kama Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hadi kuingia baharini kwenye Daraja la Selander.

Vilima vya Pugu vimeumbwa kwa mawe-mchanga dhaifu yenye kaolini, ule udongo mweupe uliolipatia eneo hilo sifa. Ni ardhi ambayo jembe linaikata bila shida. Chini ya msitu hutulia, kwa sababu majani hulipokea tone kabla halijagonga chini na mizizi huishika chembe ya mchanga mahali pake. Msitu ukiondoka, tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde, likapasua udongo na kuuacha umelegea, tayari kubebwa.

Na jiji limekuwa likipanda kuelekea vilimani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka katika miaka 10, na wengi walitafuta kiwanja pale bei ilipokuwa nafuu: pembezoni, kwenye miteremko, kando ya mabonde.

Kila paa jipya hubadili mwendo wa maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Chukua nyumba ya kawaida yenye bati la mita za mraba 100, uipe mvua ya Desemba 20, 2011: zitashuka lita 15,640, sawa na mapipa 78 ya lita 200. Kabla ya nyumba kujengwa, sehemu kubwa ya maji hayo ingenywewa na mchanga. Sasa yanaanguka yote kwenye mstari mmoja chini ya bati, yanachimba kijifereji, kijifereji kinaingia uchochoroni, uchochoro unageuka korongo. Nyumba mia moja zenye paa kama hilo ni mapipa 7,800 kwa siku moja, yakielekea bonde lile lile.

Ukishuka kwenye kingo za Msimbazi huhitaji chombo kuona kinachotendeka. Kuna kuta zilizobaki nusu, choo kinachoning'inia juu ya maji, mnazi ulioanikwa mizizi. Wenye nyumba wamepanga viroba vya mchanga, wameshindilia matairi chakavu, wamepanda matete. Chini yao vijana wamesimama majini hadi magotini, wanachota mchanga na kuurundika ukingoni usubiri lori. Kila chepe linaloondoka linauongezea mto kina pale lilipochota, na ukingo wa juu unapoteza pa kuegemea. Serikali imepiga marufuku uchimbaji huo mara nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mchanga ule ni ugali wa siku kwa anayeuchota, na ni tofali za bei nafuu kwa anayejenga juu ya kilima.

Mto unapofika Jangwani ardhi inakuwa tambarare. Maji yanapunguza mwendo, na maji yanayopunguza mwendo hutua mzigo. Mchanga wa Pugu, Kinyerezi na Ukonga unalala chini ya daraja, sakafu ya mto inapanda, tundu la daraja linapungua. Abiria wa mwendokasi wanaijua hadithi hii: tangu mabasi hayo yaanze kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa mara kwa mara pale Jangwani maji yanapopita juu yake. Vijiko huletwa kuzoa tope, na masika inayofuata hulirudisha.

Mpwapwa ilishapima

Kuhesabu udongo si elimu ngeni Tanzania. Ni moja ya nchi za mwanzo Afrika ambako jambo hili lilipimwa kwa tarakimu.

Katika miaka ya 1930, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi huko Mpwapwa, vyote vikiwa na mteremko mdogo, akakinga maji na udongo uliotoka kwenye kila kipande. Palipokuwa na kichaka cha asili, karibu maji yote ya mvua yalizama na udongo haukuondoka. Palipolimwa nafaka, robo ya maji ilikimbia na kubeba tani 78 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Palipoachwa patupu bila jani, nusu ya maji ilikimbia na udongo uliopotea ulikuwa tani 146 kwa hekta. Hiyo ni karibu sentimita moja ya udongo wa juu kwa mwaka mmoja, kwenye ardhi ambayo mtu akisimama huiona kama tambarare.

Kisha ikaja Mgeta. Februari 23, 1970, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, zilinyesha milimita 100 hivi kwa muda usiozidi saa 3. Ardhi ilipasuka na kuporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp, katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, walipanda milimani kuyahesabu maporomoko hayo. Karibu yote yalikuwa mashambani na kwenye majani. Ndani ya msitu, kwa mvua ile ile na miteremko mikali vile vile, yalikuwa machache mno. Wenzao walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu mkoani Dodoma na Kisongo mkoani Arusha, wakaona jinsi yalivyokuwa yakijazwa udongo upesi.

Mgeta haiko mbali na Kipawa kama inavyodhaniwa. Mto wake unaungana na Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Uluguru ina somo jingine, la watu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu udongo, lakini hawakuwasikiliza wenye mashamba, ambao waliona kazi inawachosha na mazao hayaongezeki. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukavunjika. Yeyote anayechora leo mstari mwekundu kwenye ramani ya bonde la Msimbazi anapaswa kuijua habari hiyo.

Mambo matano na mapengo yake

Mwaka 1965 Walter Wischmeier na Dwight Smith wa Marekani walichapisha kanuni ya kukadiria udongo unaopotea, na hadi sasa, ikiwa imeboreshwa, ndiyo inayotumiwa zaidi duniani. Inazidisha mambo matano: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, kinachoifunika ardhi, na hatua za hifadhi kama matuta au kuta. Kwa kuwa ni kuzidisha, jambo moja likishuka sana hesabu nzima hushuka. Mvua hatuipunguzi. Mteremko tumeukuta. Lakini kinachoifunika ardhi kiko mikononi mwetu, na Mpwapwa ilionyesha kuwa tofauti ya kichaka na ardhi tupu ni tofauti ya sifuri na tani 146.

Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa mashamba. Inahesabu udongo unaochunwa juu juu. Makorongo, kingo zinazomeguka na milima inayoporomoka havimo. Mtaalamu akikaa na kompyuta na picha za setilaiti akaipigia Dar es Salaam hesabu hiyo peke yake, ataukosa udongo wa kingo za mto, udongo wa barabara za mitaa na udongo wa viwanja vilivyokwanguliwa baada ya picha kupigwa. Lazima mtu ashuke mtaani.

Mtaani vipimo vipo vingi. Msingi wa nyumba uliokuwa umefukiwa na sasa unaonekana kwa kimo cha shubiri ni kumbukumbu ya udongo ulioondoka tangu nyumba ijengwe. Ngazi ya mlango iliyozama ni kumbukumbu ya udongo ulioletwa. Mti uliobaki na mizizi hewani, nguzo ya umeme iliyoinama, kalavati ambalo watoto walikuwa wakipita wamesimama na sasa hawapiti hata kwa kutambaa: vyote vinapimika kwa futi ya fundi seremala na kuandikwa daftarini.

Kuna pia kipimo cha chupa. Mvua ikiendelea, mtu achote maji ya mtaro kwenye chupa ya lita moja isiyo na rangi, aiweke dirishani isitikiswe. Mchanga hutua chini karibu papo hapo. Tope laini hufuata kwa saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea siku nzima na zaidi. Unene wa tabaka la chini unaonyesha mtaro huo unabeba nini. Chupa za mitaa mitatu zikipangwa pamoja, zitaonyesha tope zito linatoka upande upi.

Udongo unapoua

Kipawa mchanga hukombwa kwa chepe. Kwingine udongo huja kwa namna isiyompa mtu muda wa kuvaa viatu.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka na kuingia kwenye makazi ya Gendabi, Jorodom na mji mdogo wa Katesh. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi. Serikali ilieleza kuwa eneo la mlima lililokuwa na miamba dhaifu lilinyonya maji hadi likashindwa kujibeba. Novemba 2009, kijiji cha Goha, Mamba Miamba wilayani Same, nacho kilifunikwa na udongo usiku, na zaidi ya watu 20 wakafa.

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalibomoa tuta la reli ya zamani na kusomba kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi walidhani bwawa limepasuka. Wizara ya maji ya Kenya ilieleza kuwa kalavati chini ya reli lilizibwa na takataka, magogo na udongo, maji yakakusanyika nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyazuia. Dar es Salaam ina reli, barabara zilizoinuliwa na matuta yanayokatiza mabonde. Kila kimoja kina makalavati chini yake, na kila kalavati lililoziba hujenga bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Japani iliyakusanya matukio haya yote, tope linaloshuka, kilima kinachomeguka, mteremko unaoteleza, chini ya jina moja: maafa ya udongo. Baada ya mvua ya Juni 1999 kuua watu huko Hiroshima, ilitunga sheria mwaka 2000 inayoitaka mikoa kupima kila mteremko na kuchora kanda mbili. Kanda ya njano ina mpango wa tahadhari na njia za kuhama. Kanda nyekundu ina masharti makali ya ujenzi. Tahadhari zao huangalia mvua ya saa moja iliyopita pamoja na maji yaliyokwisha kunyonywa na ardhi kwa siku kadhaa, kwa sababu milimita 50 zikinyesha kwenye udongo mkavu ni jambo moja, na zikinyesha kwenye udongo ulioshiba ni jambo jingine kabisa.

Ramani, pesa na wenye mtaa

Dar es Salaam haianzi mikono mitupu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa mitaa kuchora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Waliuliza swali ambalo setilaiti haiwezi kulijibu: maji yalifika wapi? Mwenye nyumba alionyesha ukutani.

Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Mipango yake ni kuchimba na kupanua njia ya mto sehemu za chini, kujenga daraja jipya Jangwani lenye urefu wa mita 390, kulipa fidia na kuhamisha watu walio kwenye hatari kubwa, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ni kazi kubwa na inastahili kuungwa mkono. Lakini daraja refu zaidi haliondoi mzigo unaoshuka. Kiwanja cha Pugu kikiendelea kukwanguliwa kabla ya masika na kuachwa uchi hadi fundi apate pesa ya msingi, vijiko vitaendelea kuitwa Jangwani kila mwaka, na mchanga utaendelea kupita Kipawa.

Ndiyo maana kazi ya juu ya mto inahitaji uzito sawa na ya chini. Kibali cha ujenzi kinaweza kudai majani yasiondolewe kiwanja kizima mwezi wa Machi, na lundo la mchanga wa ujenzi lizungushiwe tofali. Mita 60 za ukingo wa mto zinaweza kupandwa matete na mianzi pale ambapo bado hazijajengwa. Anayechota mchanga mtoni anaweza kuelekezwa pale mchanga unapozidi, sehemu za chini zinazohitaji kuzolewa, badala ya kingo za juu zinazohitaji kuachwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini, na TMA hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kabla ya mvua hatari. Kati ya taarifa ya TMA na mlango wa mkazi kuna nafasi ambayo kamati ya mtaa inaweza kuijaza kwa rangi na brashi. Kabla ya vuli na kabla ya masika, kila kalavati la mtaa lichorwe mistari ndani yake, kama rula, kila sentimita 20. Baada ya kila mvua mtu apite na daftari aandike mchanga umefika mstari gani. TMA ikitangaza tahadhari na daftari linaonyesha kalavati limejaa nusu, mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba zipi ziambiwe zihamishe wazee na watoto kabla ya giza, na halmashauri inaambiwa ni kalavati lipi lizolewe leo. Baada ya misimu mitatu, daftari hilo litakuwa na hesabu ya udongo wa Kipawa ambayo haipatikani ofisi yoyote.

Kwa sasa ipo chupa. Iliyochotwa mtaroni usiku wa mvua imekaa dirishani siku mbili. Chini pana mchanga mweupe, unene wa kidole. Juu yake tabaka jembamba la tope la kijivu. Maji yaliyobaki bado yana wekundu hafifu, na wekundu kama huo ndio uliokwishapita Jangwani na sasa unaonekana ukitandazwa baharini, mbele ya Daraja la Selander.